Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: dakika 42 angani, saa mbili za kungoja mawingu

Mama alilazwa Bukoba Jumatatu jioni, mimi niko Mwanza. Kwa basi ningemaliza mchana mzima njiani: barabara inazunguka Geita, Chato, Biharamulo na Muleba, zaidi ya kilomita 400, hata sasa daraja la Kigongo–Busisi lilipotuondolea foleni ya kivuko. Meli ya usiku nilikuwa nimeshaikosa. Nikakata tiketi ya ndege ya Jumanne asubuhi, mara yangu ya kwanza kwenye njia hii.

Kiwanja kwa kiwanja ni kama kilomita 175 moja kwa moja, kaskazini-magharibi, karibu zote juu ya maji. Tulipewa Caravan, kandege ka injini moja na pangaboi mbele. Kanakwenda kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo hesabu inakupa dakika 35. Kupaa na kutua kunaongeza kidogo. Niliangalia saa: dakika 42 tangu tuache ardhi ya Mwanza hadi magurudumu kugusa lami ya Bukoba.

Ila tulipangiwa saa mbili asubuhi, tukaruka saa nne. Rubani alikuja mwenyewe pale tulipokaa, akatuambia Bukoba kuna mvua na mawingu yameshuka, hatoki mpaka kufunguke. Abiria wengine walinung'unika. Mimi, pamoja na haraka niliyokuwa nayo, nilimshukuru moyoni. Novemba 6, 2022 ndege ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafariki. Kiwanja chenyewe kiko ukingoni kabisa mwa ziwa.

Wenyeji wa Bukoba wanaijua mvua yao ya asubuhi. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na joto, mawingu ya radi yanajikusanya juu ya maji, halafu upepo wa mashariki unayasukuma mpaka upande wa Kagera kunapokucha. Kwa hiyo ukisafiri masika, hasa Machi hadi Mei, usichukue ndege ya kwanza kama ipo ya baadaye. Na usiahidi mtu kwamba utafika saa fulani.

Mambo ya mizigo: tiketi yangu iliruhusu kilo 15, na sisi wenyewe tulipandishwa kwenye mizani. Msione vibaya, ndege ndogo lazima ijue uzito wote. Kutoka mjini Mwanza hadi kiwanjani ni kama kilomita 10, lakini barabara ya Pasiansi asubuhi inajaa, toka mapema. Bukoba ukishuka umeshafika mjini. Bodaboda dakika chache tu.

Ukienda, kaa kushoto. Bawa liko juu ya dirisha, halizuii kitu. Nilikiona kisiwa cha Kome kwa mbali, kisha maji matupu kwa muda mrefu, nikawakumbuka waliozama na MV Bukoba mwaka 1996, baadhi yao wamelala makaburini Igoma, Mwanza. Baadaye ikatokea Bumbire, na mwisho Musira, ule mwamba unaoutazama mji.

Kabla ya saa sita nilikuwa wodini. Mama aliuliza nimepanda basi la saa ngapi.