Pampu ya mkono ya kukamulia maziwa: nilivyoiona baada ya wiki 7

Mimba ilipofika miezi 8 nilinunua pampu ya mkono pamoja na chupa 2. Sasa binti yangu ana wiki 7.

Siku za mwanzo pampu haikunifaa. Maziwa ya dang'a, yale ya kwanza baada ya kujifungua, hutoka kidogo na ni mazito, yakaishia kuganda kwenye kuta za plastiki. Mkunga akanifundisha kukamua kwa vidole, matone yakaingia kwenye kijiko, mtoto akayapata yote. Mama mtarajiwa, jifunze hilo kwanza.

Maziwa yalipojaa siku ya 4 ndipo nilipoipenda. Haipigi kelele, haitaki umeme, natumia hata usiku mtoto akiwa amelala kifuani. Vipande vyake ni 5 tu, navichemsha dakika 5 kwenye sufuria. Kile kidogo cha mpira kinachofunga na kufungua kikichanika, pampu haivuti kabisa, kwa hiyo weka cha akiba.

Kilichonitesa ni kikombe cha kuwekea titi. Kilinibana, chuchu ikasuguliwa mpaka ikachubuka, nikalia jamani. Nilipopata kikubwa zaidi maumivu yalipungua siku ileile. Kipimo chukua ukishajifungua, maana matiti hubadilika.

Maziwa uliyokamua hukaa saa 4 nje pasipo na joto kali, au siku 4 kwenye friji. Mimi huandika tarehe na saa kwenye kila chupa.

Chupa zenyewe sizipendi: shingo nyembamba, brashi haifiki chini. Tafuta zenye mdomo mpana.