Deki Ipi Inunuliwe kwa Ajili ya Filamu za HD: Kutoka Ultra HD Blu-ray hadi HD DVD

Diski za filamu zinazouzwa leo zina umbo moja na upana mmoja wa sentimita 12, kwa hiyo mnunuzi mgeni hudhani kwamba deki yoyote itazisoma zote. Sivyo. Kabla ya kuulizia ung'avu wa picha, inafaa kuuliza deki husika itasoma diski zipi, na kama diski hizo bado zinatengenezwa. Kwa kigezo hicho nimezipanga deki hizi kuanzia ile inayostahili kununuliwa kwanza hadi ile isiyofaa isipokuwa kwa watu wachache mno.

Ya kwanza ni deki ya Ultra HD Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2016. Picha yake ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya Blu-ray ya kawaida, na diski zake kubwa hubeba hadi gigabaiti 100. Hata hivyo, sababu yangu kuu ya kuitanguliza si wingi wa pikseli, bali ni kwamba deki hiyo husoma pia Blu-ray na DVD, hivyo hakuna diski ya zamani inayotupwa kwa sababu yake. Aidha, diski za Ultra HD hazifungwi kwa kanda za kijiografia, kwa hiyo iliyonunuliwa Japani itacheza Ujerumani bila shida. Runinga nayo lazima iwe ya 4K, yaani yenye wingi huohuo wa pikseli, na mlango wake wa HDMI ukubali HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia kunakili filamu, la sivyo picha haitaonekana katika ubora wake kamili. Anayetaka Dolby Vision, teknolojia ya kuboresha mwanga na rangi za picha, asome maelezo ya deki kwa makini, kwa kuwa si zote zilizo nayo. Watengenezaji wamepungua pia: Oppo ilijitoa mwaka 2018, na mwaka uliofuata Samsung ikaacha kuleta deki mpya katika soko la Marekani.

Ya pili ni deki ya Blu-ray ya kawaida. Kwa mwenye runinga ya pikseli 1920 kwa 1080 hii inatosha kabisa, na sioni sababu ya kumshawishi alipe zaidi. Tatizo lake ni kanda. Blu-ray iligawanya dunia katika kanda tatu: A inajumuisha Amerika, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni China, India, Urusi na nchi za Asia ya Kati. Deki ya kanda B haitacheza diski iliyofungiwa kanda A, ingawa ziko diski nyingi ambazo studio ziliamua kutozifunga. Anayeagiza filamu kutoka nchi za mbali aangalie alama ya kanda nyuma ya kasha kabla ya kulipa. Kwa deki kuukuu, jambo la kuuliza ni kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu yake, kwa kuwa funguo za usalama za diski hubadilishwa mara kwa mara, na deki isiyosasishwa huweza kuikataa filamu mpya.

Konsoli ya michezo naiweka nafasi ya tatu. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski, Xbox One S, Xbox One X na Xbox Series X zote hucheza Ultra HD Blu-ray. PlayStation 4 Pro haichezi, ingawa iliuzwa kwa sifa ya 4K, na wengi wameligundua hilo wakiwa wameshalipa. Asiyecheza michezo hana haja ya kununua konsoli kwa ajili ya filamu tu. Kompyuta ni duni zaidi: programu rasmi za kuchezea Ultra HD zilitegemea SGX, kipengele cha usalama cha vichakataji vya Intel, ambacho kampuni hiyo ilikiondoa katika vichakataji vyake vya kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 11.

Ya mwisho ni HD DVD, mfumo ulioshindana na Blu-ray ukashindwa, na nitakawia kidogo hapa, kwa sababu bado inauzwa mitumbani na bei yake hushawishi. HD DVD na Blu-ray zilitumia leza ileile ya buluu-zambarau yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405. Toshiba na wenzake wa HD DVD waliacha tabaka la kinga likiwa la milimita 0.6 kama la DVD, ili viwanda vilivyokuwepo vigeuzwe kwa urahisi, na wakapata gigabaiti 15 kwa kila tabaka la data. Sony, Panasonic na wengine wa Blu-ray walilipunguza hadi milimita 0.1 na kupata gigabaiti 25, kwa gharama ya mitambo mipya na ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo.

Kwa bei, HD DVD ilianza vizuri. Nchini Marekani deki yake ya kwanza iliuzwa dola 499 mwezi Aprili 2006, ilhali ya Blu-ray ilifika Juni kwa dola 999. Lakini Novemba mwaka huohuo PlayStation 3 iliiingiza Blu-ray katika nyumba za watu waliokuwa wakitafuta michezo tu, wakati Microsoft iliuza kisomaji cha HD DVD kando na Xbox 360. Studio ziligawanyika: Universal upande wa HD DVD, Disney na Fox upande wa Blu-ray, Paramount ikahamia HD DVD Agosti 2007. Warner, iliyokuwa ikitoa filamu kwa mifumo yote miwili, ilitangaza tarehe 4 Januari 2008 kwamba itabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba ikasalimu amri. Kinachoniudhi ni kwamba HD DVD haikuwa na kanda kabisa; kwa mnunuzi wa kimataifa, aliyeshindwa ndiye aliyekuwa muungwana zaidi.

China ilijaribu kuuendeleza ufundi huo kwa jina la CBHD, nao haukuenea nje. Deki za Blu-ray hazisomi diski za CBHD wala za HD DVD. Mwenye mkusanyiko wa HD DVD atafute deki kuukuu ya mifumo miwili, kama ile iliyotolewa na LG mwaka 2007, lakini kwanza azigeuze diski zake: baadhi zilitengenezwa zikiwa na HD DVD upande mmoja na DVD upande wa pili, na upande huo wa DVD unaweza kuchezwa na deki ya kawaida, mradi kanda yake ilingane.