Lugabire za tairi: nilizivaa siku nzima nikizurura Bugala

Haya jamani, hamjambo? Leo sina meza wala ile taa ya duara, na huo mlio nyuma yangu si maiki mbovu, ni Ziwa Viktoria. Niko Lutoboka, kisiwani Bugala, kule visiwa vya Ssese, Uganda, na bidhaa ya leo iko miguuni. Ngoja nishushe kamera. Mnaziona? Lugabire. Mkenya ataziita akala, Mtanzania atasema katambuga. Kwetu Uganda ni lugabire, na ukilitaja jina hilo kila mtu anamkumbuka babu yake.

Mmeniuliza sana: hizi ni za kupigia picha au zinatembeleka? Sasa hilo dukani halijibiki. Dukani unavaa, unapiga hatua nne hadi kwenye kioo, unarudi, unasema zimenikaa. Kiatu cha kuzururia sharti uzurure nacho. Na mnajua kazi yangu, nauza dawa, nasimama nyuma ya kaunta siku sita kwa wiki. Miguu yangu mimi si ya kuchezea. Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikaja kuzurura siku moja.

Hesabu hiyo ni ya meli, si yangu. MV Kalangala inatoka Nakiwogo, pale Entebbe, saa nane mchana. Inakata maji kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, unafika jua linaelekea kuzama. Kurudi ni saa mbili asubuhi. Kwa hiyo ukitaka mchana mzima kisiwani, unalala mara mbili. Wengine wanapitia Bukakata upande wa Masaka, kule kuna kivuko cha bure kinachokuleta Luku, hao wana uhuru wao. Mimi nilitaka meli iniache.

Na iliniacha. Asubuhi nimesimama kando na kikombe cha chai, honi inalia, watu wanakimbia na mizigo, mama mmoja anamfokea mtu aliyesahau kikapu cha samaki, na mimi sikimbii. Chai yangu ya moto. Hiyo raha peke yake ingetosha.

Lakini tuchambue. Soli ni tairi, ule upande unaokula lami. Fundi wangu yuko Kampala, pembeni ya barabara. Alinikanyagisha kipande cha boksi, akazungusha chaki, akakikata, akakiweka juu ya tairi. Kisha kisu. Kila baada ya kuvuta mara mbili tatu anakichovya majini, maana mpira mkavu unang'ang'ania kisu kama mtoto na mama yake. Akatoboa vipasuo ubavuni, akapitisha mikanda, akaigongea kwa misumari midogo na kukunja ncha. Hakuna gundi wala uzi. Shilingi 15,000 za Uganda, na soda nikamnunulia.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Tairi nyingi za siku hizi zina nyaya za chuma ndani, chini kidogo ya mpira wa juu. Fundi mvivu anakata na nyaya zake. Mwanzoni huoni kitu. Mpira ukishalika, waya unachomoza, na haujali umevaa suruali mpya. Kabla hujatoa pesa, zungusha macho kwenye ukingo uliokatwa. Ukiona vidoti vinang'aa, rudisha. Zangu, angalieni hapa karibu, ukingo ni mweusi mtupu na nyuzi za kitambaa tu. Tairi nzuri hii. Misumari nitaifikia, ina kesi yake.

Nilianza na ule mlima kutoka ufukweni kwenda mjini Kalangala. Usiku mvua ilikuwa imepiga kweli, ile ya ziwani inayokuja na radi zake zote, na asubuhi jua limetoka kama halikuhusika. Udongo mwekundu, utelezi. Bodaboda akapunguza mwendo: "Nnyabo, tugende?" yaani mama, twende? Nikamwambia hapana kaka, natembea. Akaitazama miguu yangu, akasema, "Kumbe una tairi zako," akatia moto.

Alikuwa sahihi. Kwenye tope mlimani sijawahi kuvaa kiatu kinachoshika hivi. Na geuka nyuma uone: ardhini kuna alama za tairi zinazoruka hatua kwa hatua, kama pikipiki iliyolewa. Watoto wawili waliokuwa wanashuka kuteka maji walisimama, wakaziangalia, wakaniangalia mimi, wakaanza kukanyaga juu yake moja baada ya nyingine. Nimewachukua video ya nyayo tu, sura zao nimeziacha.

Pembeni hapo ni msitu. Tumbili wamekaa juu kama wazee wa kamati, hondohondo anapita na mabawa yake yanavuma utadhani kuna mtu anapepeta mchele angani. Uzuri huu una habari nzito nyuma yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ulifagia pwani za ziwa hili, na Waingereza wakawahamisha watu waliosalia visiwani. Visiwa vikabaki na miti. Kabla ya hapo Ssese ilikuwa nyumbani kwa miungu ya Baganda. Mukasa, lubaale wa ziwa, hekalu lake lilikuwa Bubembe, kisiwa jirani, na ziwa lenyewe kwa Kiganda ni Nalubaale. Basi nikipita humo huwa napunguza sauti, sijui kwa nini.

Mjini nilikula chapati na mayai, nikaongeza maji kwenye chupa, nikaondoka. Mji ni mji.

Jaribio lililonifurahisha ni la michikichi. Ukitoka kidogo, kisiwa kinabadilika ghafla: mistari ya michikichi hadi jicho linachoka. Ilianza kupandwa hapa miaka ya 2000. Wako waliopata pesa ya kueleweka, anauza matunda yake kiwandani, mtoto anasoma. Ila kuna msitu ulioondoka, na ukitoka kwenye ule kivuli cha asubuhi ukaingia humu, sikio lako linakwambia kabla ya jicho. Ndege wamepungua. Mimi naona bei hiyo ilikuwa kubwa, na najua jirani yangu mwenye ekari tatu hapa atanigombeza.

Sasa, kuti la mchikichi kwenye kikonyo chake lina miiba. Nikalitafuta moja kavu, nikalikanyaga makusudi. Uzito wote. Hivi. Kitu hakijapita. Ndala za plastiki zingegeuka kichungio cha chai. Soli hii ni nene, ukikanyaga jiwe unasikia habari zake kwa mbali tu, kama ugomvi wa nyumba ya tatu.

Unene huo una gharama. Muuza nyanya aliniazima mizani, jozi inakaribia kilo. Asubuhi hujali. Saa tisa alasiri unaanza kuburuza, na ukiburuza kisigino kinapiga chini, pa, pa, pa, kila mtu anajua unakuja. Kama una mwendo wa haraka, hizi si zako. Kwa mtu anayesimama kila baada ya hatua ishirini kuangalia kipepeo, hazina shida.

Nikashuka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Mwalo wowote wa Ssese una harufu tatu: moshi, mafuta ya injini, na mukene, yaani dagaa, walioanikwa. Wavuvi wametoka kila pembe, ndiyo maana utasikia Kiganda hapa na Kiswahili pale ndani ya mtumbwi mmoja. Na hapo ndipo kisigino cha kushoto kikaanza kunichoma. Nikavua. Msumari mmoja ulikuwa umeinuka, ncha yake inatazama juu, kiasi cha punje ya mchele. Ndiyo ile kesi.

Kulikuwa na mzee anashona wavu kando ya mtumbwi mpya uliokuwa haujatiwa rangi. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Lete hiyo tairi."

Akaigeuza, akaitazama msumari kwa msumari. Akacheka. "Huyu aliyekugongea alikuwa na haraka au alikuwa na njaa?"

"Vyote viwili, mzee."

Akachukua nyundo ya kujengea mitumbwi, akaweka kipande cha chuma chini, akaunyanyua ule msumari kidogo kwanza, kisha akaulaza kwa kuupinda ncha irudi ndani ya mpira, kama ndoana. Akanionyesha ubavu wa mtumbwi: misumari yote imelazwa hivyo hivyo. Wa fundi wangu ulikuwa umelazwa tu juu juu, kwa hiyo kila hatua unaunyanyua. Pesa alikataa. Alitaka kujua tu kama Kampala kuna mtu bado anavaa hizi kwa hiari.

Maji sasa. Kwa wale waliouliza kama zinafaa ziwani: soli inapenda maji, mguu wako ndio haupendi. Mpira ukilowa ndani, mguu unateleza mbele na vidole vinatoka nje kwenye mkanda, unatembea kama bata. Zikiwa mpya zinakuacha na weusi kwenye nyayo, na sabuni ya mche inautoa baada ya siku mbili. Tena usiziache juani ukienda kukaa kivulini. Mimi niliziacha, nikazivaa, nikaruka.

Na kabla hamjaingia majini, niruhusuni nivae koti la kazini dakika moja. Ziwa hili lina kichocho. Kidudu chake kinatoka kwa konokono wa majini, kinapita kwenye ngozi yako nzima bila kidonda chochote, na ndala, lugabire au kiatu gani cha wazi hakikizuii. Palipo na nyasi na maji yametulia, usisimame. Na wateja wangu mnaokuja kesho yake kudai prazikwanteli: dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, wachanga hawaiogopi sana. Ukimeza mapema mno umejidanganya. Wahudumu wa afya watakuambia usubiri wiki kadhaa ndipo upimwe. Nimevua koti.

Jioni nikakaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki. Nilimwagiza ngege, yaani sato, na mihogo. Alininyooshea kidole majini, pale ambapo zamani aliweka meza zake. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na huku Lutoboka fukwe zilimezwa. Yeye hakuwa na haja ya kipimo. "Mwanangu, nilipika siku hizo nikiwa nimevaa gambuti," akasema, akageuza samaki.

Hapo nilitaka kuwarekodia machweo, lakini sami walikuja. Wale vijidudu vya ziwani, vinapanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, kisha upepo unavileta. Haviumi, ila vinaingia kwenye lenzi, puani, kwenye samaki. Machweo mtayaona siku nyingine.

Basi, kwa anayetaka kununua: nunua, lakini kwa fundi anayekukatia ukiwa umekaa hapo, siyo zilizotundikwa. Kagua ukingo, pitisha kidole gumba ndani kwenye kila msumari, na mkanda wa nyuma uombe uwe na matundu matatu, si mawili kama yangu. Kwa ofisini hapana. Harusini, inategemea harusi ya nani.

Zangu nimeziosha, zimekaa dirishani, na kesho saa mbili naondoka nazo. Nikifika Kampala nazirudisha kwa fundi aongeze hilo tundu la tatu, na nitamwonyesha kazi ya yule mzee kwenye kisigino. Akinidai hela, nawawashia kamera mkiwa nami hapo hapo.