TAHADHARI: Anauza gogo lisilo na mizizi akiliita bonsai ya mtini

Kabla hujatuma hela ya ule "mtini wa bonsai, miaka 22, umeshaanza kuzaa" unaotangazwa kwa picha (bonsai, yaani mti unaopogolewa ubaki mdogo chunguni), soma hapa kwanza. Kinachoonekana kwenye zile picha ni gogo. Limekatwa kwa msumeno, likasimamishwa kwenye chungu kizuri, likakazwa kwa skrubu kutokea chini. Skrubu, jamani! Ninayo hapa mezani, imeshika kutu, na ndiyo kitu pekee kilichokuwa imara katika biashara nzima.

Mnaojua kwa nini nilikuwa natafuta mtini na si mti mwingine, mnajua. Sirudii habari ile. Mnajua pia nimeutafuta kwa muda gani. Kwa hiyo asitokee mtu kuniambia nilikurupuka.

Tena sikununua kwa picha. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimepokewa getini na mzee wa mvi, mpole, maneno yake ya taratibu, ananiita "mwanangu" kabla hata sijajitambulisha. Uwanja umefagiliwa. Miti imepangwa juu ya meza za mbao, kila mmoja umegeuzwa upande wake mzuri, umepewa nafasi yake. Na kwenye meza ya mwisho, peke yake, ndio huo. Shina ambalo viganja vyangu viwili havikulizunguka. Gome la kijivu. Matawi manne yamezungushiwa waya wa shaba, mizunguko imelingana utadhani imepimwa kwa rula. Juu yamefunguka majani mapya, yale ya vidole, na chini ya moja ya matawi inaning'inia tini moja mbichi, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ile tini ndiyo iliyonimaliza.

Mzee akaona nimeangalia wapi. Akakwangua gome kwa ukucha, chini yake kijani. Akatoa mkasi mfukoni, akakata ncha ya jani moja, utomvu mweupe ukachuruzika. "Umeona, mwanangu? Mti unaotoa maziwa haujafa." Nikamuuliza mizizi je, imeshika? Hakunijibu kwa mdomo. Alilikamata shina kwa mikono miwili, akaunyanyua mti pamoja na chungu chake hadi usawa wa kifua, akautikisa mara mbili tatu, akaurudisha mezani polepole. Chungu hakikucheza. Kokoto hazikudondoka hata moja. "Mizizi si ndiyo hiyo imekumbatia chungu," akasema, akajifuta mikono.

Sasa niambieni, wenzangu mnaojiona wajanja: nani kati yenu angewaza skrubu? Mnaniambia ningelivuta shina. Limevutwa! Limenyanyuliwa mbele ya macho yangu na chungu kikafuata! Mnaniambia ningeangalia chini ya chungu. Nilitaka. Nilinyoosha mikono nikibebe mwenyewe, akaniwahi: "Acha, mwanangu, utaumiza mgongo, kazi hii ni yangu." Akakibeba yeye mpaka garini, akakipachika katikati ya maboksi kwa upole mpaka nikaona aibu kuuliza lolote zaidi. Mtu mwenye umri wa baba yako anakubebea mzigo, wewe umwambie ageuze chungu juu chini akuonyeshe?

Na alijua maneno ya kazi, hilo nalo mlijue. Aliniambia mtini haushepiwi kwa waya sana, unashepiwa kwa mkasi, kwa sababu tawi likishakomaa linakuwa gumu na katikati lina uwazi, ukilazimisha linakatika. Kweli kabisa. Aliniambia tini hazipungui ukubwa hata mti ukiwa mdogo namna gani, majani ndiyo yanapungua kidogo kidogo ukipogoa na kuuweka juani. Kweli pia. Aliniambia mtini wa kawaida unazaa bila kungoja yule nyigu anayechavusha mitini mingine, kwa hiyo hata ukiwa mmoja nyumbani utapata matunda. Kweli tupu. Sasa mtu amekuambia mambo matatu ya kweli mfululizo, la nne utalikataa kwa misingi gani? La nne lilikuwa hili: "Usiufungue chungu miaka miwili, mtini uliotoka kubadilishiwa udongo hautaki kusumbuliwa." Hata hilo lina ukweli wake nusu, mti uliotoka kupogolewa mizizi huachwa upumzike. Ila miaka miwili! Ni miaka miwili ya yeye kuhama na kubadili namba.

Nikaufikisha nyumbani. Nikaita watu waje kuuona. Nikawahutubia, na wengine wenu mlikuwepo, mlikunywa na kusifia, kwa hiyo msijitie leo mliona dalili.

Majani yakaanza kulegea mchana na kusimama usiku. Nikaongeza maji. Yakalegea asubuhi pia. Nikausogeza kivulini, nikaufunika mfuko wa plastiki kama alivyoniagiza, nikampigia, akasema ni uchovu wa safari. Kisha ikaja harufu. Harufu ya kitu kilichooza ndani ya maji, wala si ya udongo. Kokoto za juu zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, kipande kimoja mfano wa sakafu (aliniambia ni ili udongo usimwagike njiani), ikabidi nizivunje kwa bisibisi. Chini ya kokoto mchanga umejaa maji. Chini ya mchanga, hakuna. Hakuna mzizi mkubwa, hakuna mdogo, hakuna hata unywele. Kuna kitako cha gogo kilichokatwa kwa msumeno, bapa, cheusi, kinateleza, na katikati yake ncha ya skrubu iliyopita kwenye tundu la kutolea maji, na washa pana kwa chini (kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu). Yaani tundu lenyewe la maji ameliziba! Nilikuwa namwagilia bwawa.

Tini ilibaki mkononi nilipoigusa. Nyuma yake doa la gundi linang'aa.

Waulizeni wanaojua mitini, watawaambia majani yalitoka wapi. Shina la mtini limejaa chakula na maji ya akiba. Likate likiwa limepukutisha majani, lisimamishe popote penye unyevu, macho yake, vile vinundu vya kuchipulia, yatachipua tu, mizizi iwepo isiwepo. Majani ya mtini ni mapana, yanapoteza maji mengi, na akiba ikiisha hakuna wa kuileta nyingine. Hapo ndipo yanapoanguka yote kwa pamoja. Mzee anajua hesabu hiyo vizuri sana: anauza katika zile wiki ambazo majani yanapendeza.

Kinachonitia hasira kuliko hela ni kwamba mtini ni katika miti rahisi kabisa kuotesha! Kijiti cha unene wa penseli, kilichokomaa, ukikichomeka wakati mti umelala, yaani umepukutisha majani, kinatoa mizizi chenyewe. Hata gogo nene linaweza kushika likiachwa likae bila kutikiswa kwenye udongo unaopitisha maji. Angengoja msimu mmoja tu angekuwa na mti wa kweli wa kuniuzia, na ningemlipa vilevile. Hakutaka kungoja. Alitaka hela ya mti wa miaka 22 kwa kazi ya mchana mmoja.

Nilipompigia mara ya mwisho aliniambia, kwa sauti ileile, "Mwanangu, umeumwagilia kupita kiasi." Nikamtajia skrubu. Simu ikakatika, na tangu hapo namba haipatikani. Picha zake bado zinazunguka, mti uleule wangu, tini ileile!

Akamatwe. Sisemi aonywe, sisemi azungumzishwe na wazee wenzake, nasema akamatwe arudishe hela ya kila mtu, halafu asimamishwe mbele ya wanunuzi wake wote afungue kila chungu kilichopo kwenye zile meza kwa mikono yake, kimoja baada ya kingine, tuhesabu skrubu. Na anayempa uwanja wa kuuzia ajiulize kama hayumo. Mvi si kinga. Wanaosema nimwachie Mungu, Mungu ataachiwa sehemu yake, hii nyingine ni ya mahakama.

Haya, mmeniomba dalili za kuutambua mti wa uongo kama huu. Ninazozikumbuka ni hizi, mengine mtaongeza wenyewe. Mtu aliyelea bonsai kweli hainyanyui kwa shingo, yaani kwa shina. Hainyanyui! Anashika chungu kwa chini. Mimi niliuona ule mnyanyuo nikaufurahia, kumbe ndio uliokuwa unamtangaza. Utomvu si ushahidi wa chochote, gogo lililokatwa jana nalo linatoa, na jamii nzima ya mikuyu na mitini inatoa. Kijani chini ya gome hali kadhalika. Tini huota kwenye kwapa la jani au juu ya kovu la jani lililodondoka. Ile yangu ilikuwa katikati ya pingili, mahali ambapo tini haijapata kuota tangu dunia iumbwe. Makovu ya kukatwa: mti uliokatwa zamani gome lake hujikunja na kuanza kufunika kidonda pembeni, na mtini unachukua muda mrefu kulifanya hilo. Ya huyu yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi, bapa, bila ukingo wowote. Unene wa shina usikubabaishe, mtini ukiwa ardhini unanenepa haraka, kwa hiyo "miaka 22" ni maneno ya mdomoni tu. Na kokoto za gundi, hizo ukiziona ondoka. Mwenye mti wa kweli hana sababu ya kukuficha udongo.

Lakini hata dalili zote hizi mkizijua, atabuni nyingine. Mwenzetu mmoja ambaye hataki kutajwa aliagiza kwake mtini akaletewa ile fikasi ya ndani, Ficus microcarpa, yenye majani madogo ya kung'aa yasiyo na vidole na mizizi iliyovimba. Alipolalamika akaambiwa majani "yatapanuka mti ukishazoea nyumba". Hayatapanuka. Jani la mtini lina vidole na linakwaruza mithili ya msasa tangu likiwa changa. Mwingine kauziwa mbegu za bonsai. Mbegu za bonsai! Hakuna mbegu ya namna hiyo, bonsai ni mti wa kawaida uliopogolewa na kuwekwa chunguni. Huyo mzee anastahili kufungwa kwa hilo peke yake.

Na jambo lingine, kwa kuwa hasira zangu zimenigharimu mara mbili. Nilipolibomoa lile gogo nilipukutisha majani na kukata vichipukizi kwa mikono mitupu, juani. Utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi ikapigwa na jua unaunguza, na hauunguzi saa hiyohiyo, unangoja hadi siku inayofuata au hata zaidi. Naandika nikiwa na malengelenge hadi kwenye kiwiko. Vaeni glavu.

Kama ulinunua kwake na majani bado yamesimama, usingoje yalegee. Kwanza geuza chungu upige picha ya chini, skrubu na washa vionekane pamoja na chungu chenyewe, kwa sababu atakuja kusema si chake. Kisha ling'oe gogo, kata kitako mpaka ufike kwenye mti mweupe msafi usio na weusi, punguza majani yabaki machache madogo, ulisimamishe kwenye changarawe nyepesi zinazopitisha maji, ulifunge kwa kamba lisicheze, uliweke kivulini. Maji kidogo, unyevu tu. Linaweza kushika, mitini ni migumu kufa. Langu lilikuwa limeoza hadi matawini. Picha hizo nitumieni mimi, nakusanya zote kwa ajili ya kwenda kuripoti, na msimtumie yeye hata moja kabla hatujafika huko.