GRX ya gia 12 kwa baiskeli ya changarawe: pima fremu kabla ya kulipa

Mwaka 2023 Shimano walitoa GRX, seti yao ya gia na breki za baiskeli za changarawe, ya gia 12 inayovutwa kwa waya, kwa ngazi mbili: RX820 na RX610. Tathmini hii inahusu ile ya sproketi (gurudumu la meno) moja mbele, 1x12, ikifungwa kwenye fremu iliyonunuliwa tupu kwa ajili ya barabara za changarawe, zenye vumbi kiangazi na tope masika. Hukumu itangulie: vifaa ni vizuri na vinavumilia, na anayeishi mbali na duka kubwa la baiskeli atavifurahia kuliko gia za betri, maana waya ukikatika fundi yeyote anajua la kufanya. Lawama nyingi zinazotupiwa GRX si za GRX. Ni za habu (kitovu cha gurudumu) isiyolingana na kaseti (rundo la sproketi za nyuma), cheni iliyokatwa fupi, au fremu ambayo hakuna aliyeipima.

Kwanza pesa. Diraila ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia, ni ileile kwa ngazi zote mbili, RX822, hivyo ubadilishaji wa gia haupishani kwa kiasi cha kutosha kulipia tofauti ya bei. Kranki (mikono ya pedali na sproketi ya mbele) ya RX610 ni nzito kidogo, lakini inapatikana na sproketi ya meno 38 au 40, wakati ya RX820 ni 40 au 42. Kwa mtu asiyeshindana, 42 ni kubwa mno. Unachokikosa ukichukua RX610 ni Servo Wave kwenye mikono ya breki (ndiyo pia inayobadilisha gia), mfumo unaoleta pedi haraka kwenye diski na kisha kuongeza nguvu mwishoni mwa mvuto. Mteremko mrefu wenye mawe, vidole vikiwa vimechoka, utaiona tofauti. Bajeti ikiruhusu kitu kimoja tu cha RX820, basi iwe mikono. Kranki iache ya RX610, na chenji ipeleke kwenye magurudumu na tairi.

Sasa diraila, mahali ambapo tarakimu moja inakugharimu safari nzima ya mzigo. RX820, yenye 0 mwishoni badala ya 2, ni diraila ya sproketi mbili mbele, na mwisho wake ni kaseti ya meno 36. RX822 ndiyo ya sproketi moja, nayo huja na ngome (kishikio cha vigurudumu vya cheni) za aina mbili: GS, ya wastani, inafika meno 45, SGS, ndefu, ni ya meno 51. Ukiagiza kwa kuangalia picha tu, zote zinafanana. Soma namba iliyochapwa kwenye boksi.

Kaseti za 10-45 na 10-51 zinatoka upande wa baiskeli za milimani, kwenye ngazi za Shimano za Deore, SLX na XT: zote zinaingia, na ndipo penye nafuu. Deore ya 10-51 ni nzito kuliko XT kwa zaidi ya gramu mia moja, lakini inabadilisha gia vizuri na bei yake ni ya kibinadamu. Deore haina 10-45. Hiyo utaikuta kuanzia SLX. Usidanganyike kwamba kwa kuwa kaseti na cheni vinaingiliana, diraila ya Deore nayo itakubali. Haikubali. Mkono wa GRX unavuta urefu tofauti wa waya, gia zitakaa sawa pale juu kisha zianze kupotea moja baada ya nyingine kadiri unavyoshuka kaseti. Diraila ya GRX ya zamani ya gia 11 nayo usiichanganye na mikono hii.

10-45 au 10-51? Piga hesabu badala ya kuuliza marafiki. Gurudumu la 700 lenye tairi ya mm 45 lina mzunguko wa takriban mita 2.24. Sproketi ya 40 mbele na 45 nyuma, mzungusho mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 2. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unapanda kwa kilomita 7.2 kwa saa. Badala ya 45 weka 51, unashuka hadi kilomita 6.3 kwa mzungusho uleule. Kwenye kilima cha asilimia 12 chenye changarawe iliyolegea, ukiwa na mikoba ya siku mbili, hiyo ndiyo tofauti ya kupanda umekaa na kusukuma baiskeli kwa mkono. Kwenye mwendo wa kasi hupotezi kitu: 40 kwa 10 ukizungusha 90 ni kilomita 48 kwa saa. Sisi tunashika 40 na 10-51 kwa mwenye mizigo, 40 na 10-45 kwa anayekwenda mwepesi.

Kasoro yake halisi iko kwenye sproketi ndogo za kaseti. Kaseti zote mbili zinaruka 10, 12, 14, 16, 18. Kutoka 12 kwenda 14 ni pengo la karibu asilimia 17, na ukiwa kwenye kundi barabara tambarare, upepo wa mbele, utajikuta gia moja inakuchosha miguu na inayofuata inakuchosha pumzi. Hili halina dawa ndani ya 1x. Anayeendesha lami nusu ya wiki achukue sproketi mbili na kaseti ya 11-36, ambayo inapanda 11, 12, 13, 14, 15.

Tena hiyo 11-36 inakaa kwenye friihabu ya kawaida ya HG. Friihabu ni kile kipande cha habu kinachobeba kaseti, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kaseti yoyote ya Shimano inayoanza na meno 10 inahitaji friihabu ya Micro Spline, iliyoanza 2018. Haiingii HG, haiingii XD ya SRAM, kampuni pinzani, na hakuna kuchonga wala kuweka ringi. Kabla ya kununua magurudumu muulize muuzaji swali moja: friihabu ni ipi, na je, inabadilishwa? Habu kama DT Swiss 350 unachomoa kifuniko na friihabu kwa mkono, unaweka nyingine, dakika tano. Habu nyingi za bei rahisi hazina Micro Spline kabisa, na kwa anayeagiza mzigo hadi Nairobi au Arusha, kosa hilo linakula wiki kadhaa na ushuru mara mbili.

Magurudumu yenyewe: ekseli ya mbele iwe ya unene wa mm 12 kwa upana wa mm 100, ya nyuma 12 kwa 142. Foku (uma wa mbele) nyingine za zamani zina ekseli ya mm 15 mbele, kwa hiyo usikisie, weka kalipa ya kupimia. Habu ya Boost ya mm 148 haiingii fremu ya 142 hata ukiibembeleza.

Kranki ya GRX ina ekseli ya mm 24. Fremu yenye nyuzi za kipimo cha BSA kwenye tundu la kranki, upana wa mm 68, ndiyo isiyo na maneno: botomu braketi (vikombe vya beringi za kranki) ya Shimano inaingia, inakazwa kwa Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 50, kwisha. Kikombe cha upande wa cheni kinakazwa kinyume na mwendo wa saa. Anayesahau hili huharibu nyuzi za fremu mpya kwa kujiamini. Kama fremu ni ya kubana bila nyuzi, beringi huanza kulia baada ya masika ya kwanza, na kelele zile hutafutwa kwenye pedali, kwenye kiti, kila mahali isipokuwa pale zilipo. Kifuniko cha plastiki upande wa kushoto wa kranki kazi yake ni kuondoa kulegea tu, Nm 0.7 hadi 1.5, yaani vidole. Nguvu inakwenda kwenye bolti mbili za kubana, Nm 12 hadi 14, ukizikaza kwa zamu.

Cheni: ipitishe kwenye sproketi ya mbele na gia kubwa kabisa ya nyuma bila kupita kwenye diraila. Kwa fremu yenye sm 43 kutoka katikati ya kranki hadi ekseli ya nyuma, 40 mbele na 45 nyuma, utahesabu viungo kama 110. Juu ya hapo ongeza vile mwongozo wa diraila unavyotaja, sio viwili vya mazoea ya baiskeli za lami. Cheni fupi ikiingia gia kubwa huvuta diraila mbele mpaka hangeri, kipande kinachoishikilia kwenye fremu, inapinda. Nunua cheni ya viungo 126 ukate, kuliko ya 116 ukakosa. Na hangeri ya akiba iingie kwenye oda ileile ya fremu, maana kila fremu na yake. Hangeri mpya nayo inyooshwe kwa kipimo kabla ya kugusa skrubu yoyote ya diraila. Gia 12 hazivumilii hangeri iliyopinda milimita mbili. Swichi ya klachi (kinachokaza cheni) kwenye diraila: zima unapotoa gurudumu, washa unapoondoka. Cheni inayopigapiga fremu njia nzima mara nyingi ni swichi iliyosahauliwa.

Nafasi ya tairi hupimwa, haisomwi kwenye karatasi. Tairi iliyoandikwa 45 kwenye rimu yenye upana wa ndani wa mm 25 huweza kufika 46 au 47 baada ya siku chache za kujazwa upepo. Pima sehemu nyembamba kabisa, nyuma ya kranki, na hakikisha kila upande unabaki na mm 5 au zaidi. Kwa njia za udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa Isinya na tambarare za Athi nchini Kenya, hata hizo hazitoshi: mvua ikinyesha udongo unaganda kama uji, unabeba mawe madogo, na rangi ya fremu inakwanguliwa hadi chuma. Anayejenga kwa ajili ya Migration Gravel Race, mbio za siku nne za Maasai Mara zilizoanza 2021, afikirie mawe na miiba kwanza, uzito baadaye. Tyubulesi (tairi bila tyubu), silanti (maji ya kuziba matundu) ml 60 kwa kila tairi, na kwenye joto ifungue uitazame baada ya miezi miwili. Kwa mwendeshaji wa kilo 75 anza na bar 2.2 nyuma na 2.0 mbele, kisha shusha kidogo kidogo hadi uanze kuisikia rimu kwenye jiwe, urudishe 0.2.

Breki za kalipa (kibanio cha pedi) bapa zina mtego mdogo ambao hauonekani kwenye picha: bolti za nyuma zinapita kwenye unene wa fremu, na fremu hazilingani. Bolti fupi inang'oa nyuzi za kalipa. Ndefu inafika mwisho kabla ya kubana, nayo kalipa inacheza huku spana ikikuambia tayari. Pima unene wa fremu, nunua urefu unaofaa, kaza Nm 6 hadi 8. Mafuta ni ya madini ya Shimano tu. Ya DOT yanaharibu sili zote. Kila ukikata hozi ya mafuta ya breki, weka ringi na kipande cha ndani vipya. Pedi ziwe mbali na meza wakati wa kutoa hewa, tone moja la mafuta linatosha kuzifanya zipige kelele maisha yao yote.

Fremu inayopitisha hozi ndani ya beringi za usukani inapendeza dukani. Kwa mtu anayejitafutia mkao ni adhabu, kwa sababu kila ukibadili stemu (kipande kinachoshika usukani) au kupandisha usukani, hozi huenda ikakatwa upya. Chagua ile inayoingiza hozi kwenye bomba la chini.

Na mkao ndio unaoamua kama baiskeli itatumika. Usinunue kwa namba ya saizi, 54 ya kiwanda hiki ni 52 ya kile. Soma vipimo viwili vya fremu, urefu wa kwenda mbele (reach) na kimo (stack), ulinganishe na baiskeli unayoiendesha bila maumivu. Fremu za changarawe ni ndefu zaidi mbele, kwa hiyo stemu hufupishwa: baiskeli ya lami yenye urefu wa mbele wa mm 385 na stemu ya 110 inakaribiana na ya changarawe yenye 400 na stemu ya 90. Kimo cha kiti, anza na kipimo cha mguu: simama peku ukiegemea ukuta, kitabu kigumu kikibana msamba, pima hadi sakafuni, zidisha kwa 0.883. Mguu wa sm 82 unatoa sm 72.4 kutoka katikati ya kranki hadi juu ya kiti. Changarawe inarusha, hivyo wengi huishia mm 3 hadi 5 chini ya hapo. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma kwa nyuma, kiko juu. Mikono ikifa ganzi usikimbilie glavu, angalia kwanza kama pua ya kiti imeinama na kukumwaga mbele. Halafu kaa, pindisha usukani taratibu pedali ikiwa mbele: kiatu kikigusa tairi, jua kwamba tairi pana imekula nafasi hiyo, na kwenye kona za polepole zenye mawe utaanguka.

Shingo ya foku, bomba linalopanda hadi kwenye stemu, ikatwe mwisho kabisa. Acha ringi zote juu na chini ya stemu, endesha wiki tatu au nne ukihamisha ringi moja moja, na utakaporidhika weka alama, bomoa, kata ili shingo ibaki mm 2 au 3 chini ya ringi ya juu. Foku ikiwa ya kaboni tumia msumeno wa meno madogo, funga plasta kwenye alama, vaa barakoa.