Maziwa ya manjano: nilinunua ya pakiti, nikaishia kupika mwenyewe

Kipupwe cha mwaka huu hapa Tanga hakikutuacha salama. Kusi likianza kuvuma usiku, mtoto wa pili anakohoa, baba yake anampokea, na mimi nakesha nikichemsha maji. Siku moja nikiwa na usingizi wa kuibia nikaona kwenye simu tangazo la unga wa maziwa ya manjano: pakiti ya gramu 200, sh 18,000, "unakoroga tu na maji ya moto". Hilo neno "unakoroga tu" ndilo lililoniponza. Muuzaji simtaji, maana alileta mzigo kwa wakati na hakunitapeli. Kilichokuwemo ndani ndicho nina neno nacho.

Nilipindua pakiti kusoma nyuma baada ya kulipa, kama ilivyo desturi yetu. Sukari ndiyo imeandikwa ya kwanza, ikafuata unga wa maziwa, halafu ladha ya vanila, ndipo manjano. Na kwenye chakula cha pakiti kinachotangulia kutajwa ndicho kingi. Nikakoroga hivyo hivyo. Juu povu la njano iliyopauka, chini tope ambalo hata ungekoroga mpaka alfajiri haliyeyuki. Lile la chini lilikwaruza koo kama vumbi la chaki. Watoto walikunywa kwa sababu ni tamu, wakaomba tena kwa sababu ni tamu, na kikohozi kikabaki palepale.

Mama mkwe wangu alionja kijiko kimoja akarudisha kikombe mezani.

"Mwanangu, hii sukari. Manjano hayanywewi mabichi, yanataka mafuta na moto."

"Kwani mama wewe umeyanywa wapi?"

Kumbe utotoni mwake walikaa jirani na familia ya Kihindi, na mama wa nyumba ile alikuwa akiwapikia watoto wote wa uani, wake na wa wenzake, yeyote mwenye mafua. Haldi doodh. Haldi ni manjano, doodh ni maziwa, na huko India ni kinywaji cha nyumbani cha tangu na tangu. Mimi manjano nimekua nikiyajua kwenye mchuzi wa samaki na kwenye singo, ule mchanganyiko anaosuguliwa bi harusi, kikombeni sikuwahi kuyaona. Nikasema basi ngoja nijaribu.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilimimina nusu lita ya maziwa fresh kwenye sufuria, nikaparuzia tangawizi mbichi humo humo, nikabandika. Kabla hayajachemka yakakatika: mabonge meupe huku, maji ya njano kule. Nikamlaumu kaka anayetuletea maziwa kwamba kaleta yaliyolala, naye akaapa ya asubuhi ile ile. Alikuwa mkweli, na nimeshamwomba radhi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Wachina wa Guangdong hukitumia makusudi, wanamwaga maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi yagande kama kastadi. Ukiichemsha tangawizi kwenye maji kwanza, dakika tano hivi, kimeng'enya kinakufa na maziwa hayakatiki. Tangu nijue hilo sijapoteza sufuria hata moja.

La pili lilikuwa kosa la lugha. Nilimtuma mume wangu dukani nikamwambia "niletee binzari", maana ndivyo wengi wanavyoyaita manjano. Muuzaji akampa bizari ya mchuzi. Rangi ni ile ile, sikunusa, nikatia. Tulikunywa maziwa yenye giligilani na bizari nyembamba ndani, yaani mchuzi uliokosa nyama. Mume wangu alimaliza kikombe chake chote kwa heshima, akauliza kama wali uko tayari. Siku hizi nasema manjano, na nataja kwamba nataka manjano matupu.

Basi haya ndiyo ninayopika sasa, kiasi cha vikombe viwili. Kipande cha tangawizi kama kidole gumba nakiponda, nakichemsha kwenye robo kikombe cha maji pamoja na kijiti cha mdalasini mpaka maji yabaki kidogo. Wakati huo kwenye sufuria nyingine natia nusu kijiko cha chai cha samli, ikiyeyuka naweka nusu kijiko cha chai cha manjano ya unga, iliki tatu zilizotwangwa na pilipili manga punje nne au tano zilizopondwa palepale. Hapo moto uwe mdogo kabisa na usiondoke jikoni hata simu ikiita. Ni nusu dakika tu. Ile harufu ya udongo mbichi ya manjano inageuka ghafla, inakuwa kama harufu ya karanga zinazokaangwa kwa jirani, na samli inapata rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Ikifika hapo mimina maziwa mara moja. Ukichelewa manjano yanaungua na uchungu wake hauondoki kwa sukari yoyote. Ongeza yale maji ya tangawizi, acha yapande mara moja, punguza moto, dakika tano, chuja. Asali natia kikombeni yakishapoa kidogo. Nikiwa nayo, naparuzia kungumanga juu, lakini chembe tu, maana kungumanga nyingi si ya kuchezea.

Tofauti na ya pakiti utaiona kabla hujaonja. Juu kuna macho madogo ya samli ya rangi ya dhahabu, na chini ya kikombe hakuna tope, kwa sababu nimeyachuja, na rangi na harufu zimebaki maana huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ndiyo maana maziwa yawe na mafuta yake. Nimejaribu na yaliyotolewa mafuta, hayakuwa kitu. Asiyepatana na maziwa ya ng'ombe atumie tui, ila asiliache lichemke kwa nguvu, litajitenga. Na tui lisitiwe iliki nyingi, litaanza kumkumbusha mtu visheti.

Sasa kuhusu uponyaji, kwa sababu wauzaji wanaandika mengi: viungo vya mwili, kisukari, saratani, ngozi. Kitu kinachosifiwa ndani ya manjano kinaitwa kurkumini, nacho ni kama asilimia 3 tu ya unga wenyewe, na mwili unakipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ile inayoifanya pilipili manga iwashe, na kiwango kilichoingia mwilini kikapanda mara 20. Hapo ndipo ushauri wa kutia pilipili manga unapochukua nguvu. Lakini piga hesabu ya kikombe chako. Nusu kijiko cha chai ni kama gramu moja na nusu ya unga, na ndani yake kurkumini haifiki hata miligramu 50, tena mimi nimeigawa vikombe viwili. Kufikia zile gramu 2 ungehitaji zaidi ya gramu 60 za unga kwa mara moja. Nani atakunywa hayo? Mimi nakunywa kwa sababu koo linalainika, mwili unapata joto, na mtoto akishakunywa analala. Kikohozi chake kilikwisha baada ya siku tisa, na sitasema ni manjano yaliyokimaliza. Tangawizi, asali, na zile siku tisa zenyewe zote zilikuwepo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo, amuulize daktari kabla ya kuyafanya mazoea. Na mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata tone.

Manjano yenyewe nayo ni ya kuchagua. Nilikuwa nanunua yoyote yaliyowaka rangi, mpaka niliposoma kwamba Bangladesh waligundua wafanyabiashara wakitia kromati ya risasi, rangi ya viwandani, ili mizizi ionekane mizuri. Utafiti wake ulitoka mwaka 2019. Risasi ni madini yenye sumu, na kwa watoto inagusa ubongo. Sisemi ya kwetu yana hiyo. Nimeamua tu kununua mizizi mikavu soko la Mgandini, inayoshuka kutoka upande wa Muheza na Amani, naivunja kwenye kinu kisha naipeleka mashine ya viungo. Usithubutu kuitia nzima kwenye blenda ya nyumbani. Ni migumu kama mawe, na nilishavunja jino moja la kisu kabla sijapata akili.

Na rangi! Mara ya kwanza nilitumia mabichi, nikayamenya kwa mikono mitupu. Siku tatu vidole vya njano, nikipita mtaani wanawake wananiuliza, "Shoga, unaingia ndani lini?" wakidhani nasingwa. Kikombe cheupe cha plastiki hakijarudi weupe wake hadi leo. Kitambaa cha jikoni nilikifua kwa sabuni ya mche, alama zikageuka nyekundu kama damu, moyo ukanipasuka. Kumbe sabuni ile ina magadi, na manjano yakikutana na magadi hugeuka wekundu. Ukisuuza kwa maji mengi unarudi unjano. Kilichosaidia ni jua. Kianike kikiwa na unyevu, kwenye jua kali la saa sita, siku mbili, alama zinafifia zenyewe.

Kwa bei, ile pakiti nzima ni ya vikombe kumi na mbili, yaani sh 1,500 kila kimoja. Sufuria yangu ya vikombe viwili inakula maziwa ya sh 1,000, na viungo na samli na asali ya kama sh 500 nikipima kwa ukarimu. Muda ni robo saa, ambao kwa mwenye watoto wadogo si mchache, nakubali. Kwa anayesafiri au anayekaa hosteli bila jiko, pakiti ina kazi yake, mradi aongeze pilipili manga na akubali kwamba anakunywa sukari.

Nusu ya pakiti ilikuwa bado imekaa kabatini mpaka wiki iliyopita. Nimeikandia maandazi, na sukari sikuongeza hata kijiko. Yametoka ya njano, yamefura, na mama mkwe amekula manne.