TAHADHARI: Keki ya fondanti, ndani foamu (Malindi)

Wazazi wenzangu wa Malindi, Watamu mpaka Mambrui, kuna muuza keki anayepokea oda kwa simu tu, duka hana, na ukurasa wake umejaa keki za fondanti, lile ganda laini la sukari linalovishwa keki, za kuvutia. Mimi amenila shilingi 10,500. Jina silitaji, mwendo wake nitausema.

Binti yangu alikuwa anatimiza miaka mitano, akataka keki ya nguva, ghorofa mbili, mkia wa zambarau wenye magamba. Tukaelewana kilo tatu, kila kilo 3,500. Arbuni akataka 5,000. Kuingiza namba, M-Pesa ikaniletea jina la mwanamume. Nikamuuliza. "Ya mume wangu hiyo dada, tuma tu." Nikatuma.

Siku yenyewe aliahidi saa nane. Keki ikaja saa kumi na nusu kwa tuktuk, na dereva kaambiwa asiishushe mpaka zile 5,500 zilizobaki ziingie. Watoto washavaa, bibi yao katoka Lamu kwa ajili hiyo hiyo. Nikachungulia kwenye kidirisha cha boksi, nikalipa. Kwa kuchungulia ilipendeza, sikatai.

Ilipokaa mezani ndiyo nikaigusa: baridi ya friji. Hazikupita dakika ishirini ikaanza kutoa jasho. Wanaofanya kazi hii Pwani wanajua, fondanti ni sukari, ikitoka kwenye baridi ikakutana na hewa yetu nzito, maji yanatua juu yake, inanata na rangi inachuruzika. Joto lenyewe hulistahimili kuliko krimu ya siagi, ni unyevu ndio usiopatana nayo, ndiyo maana fundi huiweka pakavu, feni ikipuliza. Yetu ikawa magamba yanateleza moja moja, zambarau imeshuka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Na ule mkia, ambao hukandwa na unga wa kukazia ukaachwa ukauke siku mbili tatu, ukainama kama jani la mgomba.

Hilo ningemsamehe. Tukaimba, mtoto akashika kisu, nami nimemshika mkono, tukaanza na ghorofa ya juu. Kisu kikalia kwiii. Nikakandamiza, kikatoka na punje nyeupe. Foamu! Ile ile ya makasha ya samaki, imevishwa fondanti. Bibi yake akasema taratibu, "Si ningewapikia mkate wa sinia."

Foamu si haramu. Mafundi waaminifu huitia keki ipate kimo, lakini wanakwambia mapema na hawakuuzii kwa kilo. Mdogo wangu akaibeba ghorofa ya chini, haijaguswa, mpaka duka la jirani wakaipima: kilo moja na gramu 400, pamoja na ubao wake! Na fondanti yenyewe pembeni ilikuwa nene kama kidole changu, badala ya milimita tatu nne hivi. Watoto waliibandua wakaiacha kwenye sahani.

Nilipompigia akanijibu, "Picha si ulituma mwenyewe? Haikufanana?" Kisha akanifungia. Nikaipeleka meseji ya M-Pesa kwa 456 nijaribu kurudishiwa, lakini pesa ilishatolewa. Ile picha ya nguva kwenye ukurasa wake nayo, nilipoitazama kwa utulivu, nyuma ya keki kuna soketi ya ukutani yenye matundu mawili ya duara. Nyumba gani ya hapa ina soketi hiyo?

Ukitaka kuagiza kwa mtu usiyemjua, mwambie akutumie video keki yako ikiwa mezani kwake, jina la mtoto lishaandikwa. Ikifika, kabla hujalipa salio, chukua kijiti cha mshikaki ukichomeke kwa nyuma, kila ghorofa. Keki inakipokea kimya na makombo yanatoka nacho. Dereva akikuharakisha mwache aharakishe, tuktuk haiozi.

Tangu juzi amefungua ukurasa mwingine kwa jina jipya, picha ya nguva ni ile ile, soketi na yote. Anayetaka kuiona foamu aje Barani, ninayo. Binti yangu ameifanya kitanda cha mwanasesere wake.